Nyumba ya Askari Iko Ndani ya Mkupuo

Ukisema askari polisi wa Tanzania anastaafu kwa kanuni ileile inayomstaafisha mtumishi yeyote wa kiraia wa serikali, utakuwa umesema kweli, na malalamiko yangu yanaanzia hapohapo. Tangu Agosti 2018, mwalimu, muuguzi, karani wa halmashauri na askari wa doria wote wako chini ya mfuko mmoja, PSSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma. Kila mwezi mtumishi anakatwa asilimia 5 ya mshahara wa msingi, mwajiri anaongeza asilimia 15, na siku ya kuondoka kazini wote wanapigiwa hesabu moja. Kwenye karatasi hakuna aliyeonewa. Tatizo ni kwamba maisha ya kazi ya askari hayafanani na ya hao wenzake, na kanuni haina mahali pa kuliona hilo.

Mimi ni mtoto wa kota, zile nyumba za serikali wanazokaa askari. Nimezaliwa kota, nimesoma nikitokea kota, na nimehama shule kila Baba alipopata uhamisho. Watoto wa kota tunajua jambo ambalo jirani wa uraiani huwa halioni: askari wa cheo cha chini anaweza kufanya kazi miaka thelathini bila kuwa na mlango wake mwenyewe. Mwalimu aliyepangiwa kijijini akakaa huko miaka kumi na tano atapata kiwanja, atafyatua tofali likizo hii, atapandisha ukuta likizo ijayo. Askari leo yuko Songea, baada ya miaka mitatu yuko Tarime, kisha Kigoma. Akinunua kiwanja Songea, nani atakilinda? Akianza msingi Tarime, nani atamsimamia fundi? Na kwa kuwa kota ipo, au posho ya pango inasaidiasaidia, habari ya nyumba inasukumwa mbele mwaka hadi mwaka, mpaka ifike barua ya kustaafu. Barua hiyo inakuja na amri nyingine ambayo mwalimu wa kijijini haijui: kabidhi kota.

Ndiyo maana kwa familia za askari mkupuo, yaani fedha ya mpigo mmoja anayopewa mstaafu, ni nyumba. Hautazamwi kama mtaji wa biashara wala kama akiba ya uzeeni. Baba alikuwa mwanachama wa PSPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa serikali wa wakati huo, akastaafu kabla ya mifuko kuunganishwa akiwa na cheo cha staff sajenti, na mkupuo wake ndio uliopaua nyumba ya Mlandizi. Hakununua gari wala hakufungua duka. Alinunua bati, saruji, milango na geti, tukahamia vyumba viwili vikiwa bado havijapigwa lipu. Mdogo wangu naye akaingia polisi, akapita depo ya Moshi kama Baba, na sasa ni sajenti ambaye kustaafu kwake kunaonekana. Swali analoniuliza kuhusu kikokotoo, yaani kanuni ya kukokotoa mafao ya mstaafu, ni lilelile kila tukionana: "Dada, hivi kwa kikokotoo cha sasa, nyumba inatoka?"

Nimeketi na karatasi zake mara nyingi. Naandika haya kwa ajili yake na kwa wake wa askari ambao hawajawahi kuonyeshwa hesabu hii kwa utulivu.

Kwanza historia kidogo. Watumishi wa serikali kuu walikuwa hawachangii pensheni mpaka mwaka 1999, ulipoanzishwa mfuko uliokuja kuitwa PSPF. Wale waliokuwa PSPF na LAPF, mfuko wa watumishi wa serikali za mitaa, walikuwa na kanuni nzuri: kwa kila mwezi wa utumishi unahesabiwa moja ya mia tano arobaini ya mshahara wa mwaka, nusu ya pensheni inageuzwa kuwa mkupuo kwa kuzidishwa mara 15.5, na nusu iliyobaki unalipwa kila mwezi mpaka unaingia kaburini. Mwaka 2018 mifuko minne ya pensheni, PSPF, LAPF, PPF na GEPF, ikaunganishwa kuwa PSSSF, na kanuni mpya ikaja na mkupuo wa asilimia 25. Nchi ililipuka kwa malalamiko. Tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli aliwaita viongozi wa vyama vya wafanyakazi na wa mifuko Ikulu, akaisimamisha kanuni hiyo na kuagiza zile za zamani ziendelee hadi 2023. Kabla ya muda huo kufika, Julai 2022 ikaanza kanuni ya kati: mkupuo asilimia 33. Juni 2024, katika hotuba ya bajeti, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, akatangaza kuwa waliokuwa na haki ya asilimia 50 zamani watapandishwa kutoka 33 hadi 40, na waliotoka mifuko iliyokuwa ya asilimia 25 tangu zamani watafika 35.

Kote huko mjadala ulikuwa wa asilimia. Hamsini, ishirini na tano, thelathini na tatu, arobaini. Redioni, kwenye daladala, bungeni, watu walishindana kwa asilimia. Sidhani kama ni mtu mmoja katika kumi aliyeambiwa kwamba namba nyingine mbili zilibadilika kimyakimya pembeni ya hiyo asilimia. Moja ya 540 ikawa moja ya 580. Na 15.5 ikawa 12.5.

Twende kwenye mfano, maana bila shilingi haya maneno hayana uzito. Chukua askari mwenye wastani wa mshahara wa msingi wa shilingi 1,000,000 kwa mwezi, yaani 12,000,000 kwa mwaka, aliyetumikia miaka 30, sawa na miezi 360. Mshahara huo nimeuchagua kwa sababu ni rahisi kuhesabu. Wa kwako utauweka mwenyewe.

Kwa kanuni ya zamani, 360 unaigawa kwa 540, unazidisha kwa milioni 12, unapata pensheni ya mwaka ya shilingi 8,000,000. Nusu yake ni milioni 4. Zidisha kwa 15.5: mkupuo ni 62,000,000. Nusu nyingine inagawanywa kwa miezi 12, anapata kama 333,000 kila mwezi.

Kwa kanuni iliyoanza Julai 2022, 360 unaigawa kwa 580. Pensheni ya mwaka inashuka hadi 7,448,000 na kitu kabla hata hujagusa asilimia yoyote. Asilimia 33 yake ukiizidisha kwa 12.5 unapata mkupuo wa milioni 30.7, na kila mwezi atalipwa kama 416,000. Kwa asilimia 40 ya mwaka 2024, mkupuo unakuwa milioni 37.2 na pensheni ya mwezi inarudi kwenye 372,000.

Sasa tazama kilichonifanya niweke kalamu chini. Tuseme kesho serikali inatangaza asilimia 50 imerudi, watu wanashangilia, lakini 580 na 12.5 vinabaki vilevile. Askari wetu atapata mkupuo wa milioni 46.5 na pensheni ya 310,000 kwa mwezi. Mkupuo bado uko chini ya ule wa zamani kwa zaidi ya milioni 15, na pensheni ya mwezi nayo iko chini ya ile ya zamani. Asilimia imerudi yote, fedha haijarudi. Kwa hiyo mtu akikuambia tunapigania hamsini, muulize hamsini ya nini, na izidishwe kwa ngapi.

Hoja ya upande wa pili naijua, na sitaki kuipita kana kwamba ni ya kipuuzi. Wanaoitetea kanuni mpya wanasema: mkupuo mdogo, pensheni kubwa, mstaafu atafaidi polepole. Ni kweli pensheni ya mwezi imepanda. Kwa mfano wetu wa asilimia 40, imepanda kwa takriban shilingi 39,000. Lakini alichopoteza kwenye mkupuo ni kama milioni 24.8. Gawanya. Inahitajika miezi zaidi ya 630 ya kulipwa hiyo nyongeza ili pengo lizibe, yaani zaidi ya miaka 52. Aliyestaafu na miaka 60 atalipiza akiwa na miaka 112. Kwa ile ya asilimia 33 pengo linazibika baada ya miaka kama 31 na nusu, akiwa amepita tisini. Mimi namwombea kila askari umri mrefu, lakini hakuna fundi atakayekubali kusubiri malipo yake hadi mteja afike miaka tisini.

Hoja nyingine ya wanaoitetea ni nzito zaidi, nayo ni uhai wa mfuko. PSPF ilirithi wajibu wa kuwalipa watu kwa miaka yao ya kabla ya 1999, miaka ambayo hakuna mchango uliokusanywa. Mfuko ulilipa pensheni kwa fedha ambayo haikuwahi kuingia. Deni hilo lilikaa muda mrefu, na ni juzijuzi tu serikali ilipolipa sehemu yake kwa hatifungani maalumu ya zaidi ya shilingi trilioni 2. Mfuko ukifilisika, kanuni nzuri itakuwa ya kuning'iniza ukutani. Hili nalikubali kwa moyo wote. Ninachokataa ni kumtaka askari aliyechangia kila mwezi bila kukosa, kwa kuwa anakatwa kabla hajaiona fedha, awe ndiye wa kuziba shimo ambalo hakulichimba.

Na kuna ile hoja nisiyoipenda hata kidogo, kwamba wastaafu wakipewa fedha nyingi kwa mpigo wanazitapanya. Wapo, nawajua. Yupo aliyeingia kwenye biashara ya mazao asiyoijua, yupo aliyetapeliwa na watu waliompigia simu wakijifanya maofisa wa mfuko, wakamtajia hadi namba yake ya jeshi. Lakini dawa ya kutapeliwa ni kumkamata tapeli na kumwelimisha mstaafu mapema. Mtu ambaye serikali ilimkabidhi bunduki na ufunguo wa ghala la silaha kwa miaka thelathini haiwezi kumwona kuwa hana akili ya kushika fedha yake mwenyewe.

Sasa nije kwenye mambo mawili ambayo kwa maoni yangu yanamuumiza askari kuliko hata kikokotoo, na ambayo hayasikiki sana.

La kwanza ni posho. Kwenye slipu ya askari kuna mshahara wa msingi na kuna posho, na inayojulikana zaidi ni ile ya chakula, ambayo askari wenyewe wanaiita resheni. Nyumbani fedha hizo hazitenganishwi. Zinalipa ada, zinanunua unga, zinalipia umeme. Familia inaishi kwa jumla yake. Lakini mchango wa pensheni unakatwa kwenye mshahara wa msingi peke yake, hivyo siku ya kustaafu resheni haimo kwenye hesabu. Mke wa askari aliyezoea kupanga mwezi kwa fedha zote mbili anagundua kuwa ile asilimia anayoisikia inapigwa kwenye kitu kidogo kuliko alichokuwa akiletewa nyumbani.

Rudi kwenye mfano wetu. Tuseme askari yule mwenye msingi wa milioni moja anapata pia posho ya 300,000, na posho hiyo ingeingizwa kwenye mchango. Yeye angekatwa 15,000 zaidi kwa mwezi, mwajiri angeongeza 45,000. Kwa kanuni hiihii ya sasa, bila kugusa 580 wala 12.5, mkupuo wake ungetoka milioni 37.2 hadi milioni 48.4, na pensheni ya mwezi ingetoka 372,000 hadi 484,000. Mdogo wangu alipoiona hesabu hii alinyamaza, kisha akasema angekubali kukatwa hiyo elfu kumi na tano tangu siku aliyoapa. Naamini askari wengi wangekubali. Ni mchango wa halali, unaingia mfukoni, haumtwishi mfuko mzigo usiolipiwa. Inashangaza kwamba jambo hili halisemwi kwa nguvu ileile inayosemwa asilimia.

La pili ni cheo. Pensheni inapigwa kwenye wastani wa mishahara ya miaka mitatu iliyo bora. Kwa mtu ambaye mshahara wake umepanda taratibu na kwa wakati, hilo halina shida. Lakini askari wengi wa vyeo vya chini hupanda kwa kuruka: miaka mingi koplo, kisha anapelekwa kozi, anavishwa cheo karibu na mwisho. Kama amelipwa 800,000 kwa miaka miwili na milioni moja kwa mwaka wa mwisho tu, wastani wake ni kama 867,000. Amestaafu akiwa na cheo kipya begani lakini pensheni ina mshahara wa cheo cha zamani ndani yake. Upungufu huo ni zaidi ya asilimia 13, ataubeba maisha yake yote, na hakufanya kosa lolote zaidi ya kuchelewa kuitwa kozi. Ndivyo ilivyo pia kwa nyongeza za mishahara. Kima cha chini cha mshahara wa serikali kilitangazwa Mei Mosi 2025 pale Singida kupanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Ni habari njema, ila anayeondoka miezi michache baada ya nyongeza yoyote ananusa tu harufu yake kwenye pensheni. Faida kamili wataipata watakaokaa miaka mitatu mbele.

Naomba nisieleweke kwamba nawaonea wivu wanajeshi, lakini hili nalo lina mahali pake. Wanajeshi wa JWTZ mafao yao hayapitii PSSSF. Bungeni imeulizwa zaidi ya mara moja kwa nini Polisi, Magereza, Uhamiaji na Zimamoto wasitendewe vivyo hivyo, maana nao wanaapa, wanalala kambini, hawana mgomo, na wanaweza kuitwa saa nane za usiku. Wenye kusema kazi ya polisi ni ya kawaida wakumbuke Aprili 2017, Kibiti, askari wanane waliouawa kwa kushambuliwa wakiwa kwenye gari wakitoka lindo. Hiyo si hatari inayomkuta karani.

Hata hivyo mimi sina hakika kwamba kuwatoa kwenye mfuko ndilo jibu zuri. Ukilipwa na bajeti moja kwa moja, malipo yako yanategemea mwaka huo serikali ina nini. Mfuko, pamoja na mapungufu yake, una fedha zilizo kwa jina lako na michango unayoweza kuihesabu. Ningependa zaidi polisi wabaki mfukoni wakiwa na masharti yanayoendana na kazi yao: posho ihesabiwe, na mpango wa nyumba uanze wakiwa kazini badala ya kusubiri mkupuo ufanye kila kitu. Askari mwenye nyumba ifikapo miaka hamsini hatatetemeka akisikia asilimia 40.

Wakati hayo yakisubiriwa, kuna ya kufanya. Mdogo wangu nimemlazimisha aingie kwenye PSSSF Kiganjani, ile programu ya simu, aangalie michango yake mwezi baada ya mwezi. Tulikuta miezi haionekani, ya nyuma kabisa wakati wa uhamisho fulani. Akiwa kazini anaweza kwenda kwa mhasibu wa mkoa akatafuta slipu za zamani na kufuatilia. Angeyagundua hayo baada ya kuvua gwanda, angekuwa anapanda basi kwenda kutafuta karatasi kwa nauli yake. Jina lake kwenye cheti cha kidato cha nne lina herufi moja tofauti na la kwenye kitambulisho cha taifa; naye alikuwa haoni kama ni jambo. Ni jambo. Herufi moja inaweza kukaa kati ya mtu na pensheni yake, na kuirekebisha mapema ni kazi ndogo. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto viwe vya RITA, wakala wa serikali wa usajili, cheti cha ndoa kiwepo, na mke ajue vilipo. Nasema mke ajue kwa sababu askari wana tabia ya kufungia kila kitu kwenye sanduku la bati lenye kufuli, na ufunguo wanautunza wenyewe.

Mikopo nayo. Wapo wanaochukua mkopo wa mwisho wakiutazamia mkupuo uulipe. Kwa ule wa milioni 62 uliwezekana. Kwa wa milioni 37, ukitoa deni la milioni 15, nyumba inaishia kwenye lenta. URA SACCOS, chama cha akiba na mikopo cha polisi, ipo, na kukopa huko kwa ajili ya kiwanja ukiwa bado na miaka kumi ya kulipa ni tofauti kabisa na kukimbilia kausha damu, ile mikopo ya riba kali, miezi sita kabla ya kuondoka.

Mdogo wangu ameshapata kiwanja, si mbali na kwa Baba, na msingi umefika usawa wa jamvi. Amekata shauri kumaliza chumba kimoja na choo kabla ya kustaafu, kidogokidogo, kwa mshahara. Lakini yeye ana dada wa kumpigia hesabu na baba aliyepitia njia hiyohiyo. Kwa ambao hawana, ombi langu kwa wabunge na kwa wizara ni moja na linahesabika: kanuni hii imebadilishwa 2022 na 2024, hivyo inabadilishika. Safari ijayo mezani pasiwekwe asilimia peke yake. Ziwekwe pamoja na ile 580, ile 12.5 na resheni ya askari, na mfuko utoe jedwali la kila cheo, kuanzia konstebo, likionyesha mkupuo na pensheni ya mwezi kwa miaka 20, 25 na 30 ya utumishi. Libandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kila kituo cha polisi, pale pale wanapobandika zamu za lindo.